Kofia Mbili

"Linavuja," alisema Shaame, na hilo tulilijua.
Tangu mwezi wa Rajabu lori la baba
linatia alama barabara ya Konde,
tone hapa, tone kule,
hata watoto wa chuoni wakijua limepita.

Leo limelala nyuma ya nyumba,
boneti juu, kinywa wazi kama mgonjwa wa meno.
Shaame kafungua nati kumi na nne,
kazipanga kwenye kifuniko cha sufuria
vile vile zilivyotoka,
maana kila nati, asema, ina ndoa yake.

Akagonga taratibu kwa mpini wa nyundo.
Kofia ya kwanza ikaachia
kwa sauti ya mguu unaong'oka kwenye tope.
Chini yake roka, safu, nyeusi, zimelowa,
na harufu ile:
baba akiingia ndani magharibi, kabla hajanawa.

Chake hakuna. Unguja hakuna.
Dar yuko mtu anazo mpya, za bati jembamba,
bei yake mbuzi wawili na nauli ya boti.
"Tuzirudishe hizi hizi," nikasema.
Shaame akaipiga kofia kwa ukucha, akasikiliza.
"Leilandi ya zamani hii, Mwalimu Mize.
Hawamimini tena namna hii."

Basi karai, mafuta ya taa, brashi ya waya.
Rangi ikatoka tabaka kwa tabaka:
fedha ya juzi, chini yake nyekundu,
chini yake kijani cha serikali
iliyoliuza lori mnadani sijazaliwa.
Kisha aluminiamu yenyewe, tupu, nyeupe,
kama kitu kilichoamshwa ghafla.

Mdomo wa kofia ya pili ulikuwa umepinda.
Shaame kalaza msasa juu ya kioo
cha kabati la mama lililoliwa na mchwa,
akasugua kwa umbo la nane, nane, nane,
akainua, akachungulia, akasugua tena,
hadi mwanga ukakosa pa kupenya.

Gasketi nayo ikawa kisa.
Gizibo tulilipata, shiti moja tu.
Shaame kakata ya kwanza, ikachanika.
Mama yuko barazani anatoboa kofia
(kofia za kweli, za vitobo, oda ya Idi).
Akachomeka sindano kwenye kanga.
"Lete hapa. Mnakata kama mnaofukuzwa."

Kalaza gizibo juu ya mdomo wa kofia,
kapitisha kidole gumba ukingoni kote
mpaka mafuta yakajichora njia.
Kisha mkasi. Kisha matundu saba.
"Miaka thelathini nashonea vichwa vya watu,
leo kichwa cha mashine.
Hiki angalau hakitasema inambana."

Ndani ya kofia ya kwanza, tulipoifuta,
pamekwaruzwa kwa msumari,
hati ya baba, ile inayolalia kushoto:
*12 ndani. 15 nje.*
"Nafasi za valvu," akasema Shaame, "ndizo hizo."
Na chini yake, peke yake: *41*.
Hiyo Shaame hakuijua.
Mimi nasomesha hesabu; nikajaribu
umri, magunia, maili, deni.
Mama akaja, akachungulia,
akarudi barazani bila neno.

"Nipake na ndani?" Brashi iko mkononi.
"Ndani hapapakwi. Rangi itabanduka,
itaziba njia ya oili."
Basi nje tukapaka buluu.
Ndani ikabaki na arubaini na moja yake.

Tukafunga kuanzia katikati kwenda pembeni,
robo spana, robo spana.
"Ukilibana sana gizibo," akasema, "hutoa ulimi."

Likawaka mara ya tatu: moshi, kikohozi,
kisha ngurumo ile ile iliyokuwa ikituamsha alfajiri.
Tukamulika tochi. Kavu. Kavu. Kavu.
Pembe ya nyuma kabisa, karibu na kebini,
tone moja lilining'inia, halijaamua.

"Linavuja?" mama akauliza kutoka barazani.
Shaame akalifuta kwa kidole gumba.
"Linatoka jasho tu, Bi Mafunda," akasema.